Jumapili zangu za Kigoma

Tangu nihamie Kigoma kikazi kutoka Mombasa, Jumapili nyingi naelekea Ujiji, kwenye makumbusho yaliyojengwa pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Hata hivyo, ninapopapenda zaidi ni Kibirizi asubuhi, dagaa wakiwa wameanikwa mchangani, wanametameta kama sindano, huku akina mama wakiwageuza taratibu ili wakauke pande zote. Ni huko huko zinakoondokea boti za kuelekea Gombe, hifadhi ya sokwe ambako Jane Goodall alianza utafiti wake mwaka 1960. Ukienda, beba koti, kwani upepo wa Ziwa Tanganyika si wa kudharauliwa, hata kwetu sisi tuliozaliwa kando ya bahari. Jioni huogelea ufukwe wa Jakobsen, ambako maji ni maangavu na hayana chumvi kabisa.