Siku Moja Maishani Mwangu: Mraba wa Sentimita 10

Huamka saa 11 alfajiri, na kwa saa nzima siigusi simu. Zamani niliifungua kabla hata ya kunawa uso, na mauzo ya usiku yakiwa haba nilinyong'onyea mpaka jioni. Siku hizi nafungua daftari kwanza na kuandika jambo moja ambalo nisipolifanya leo, kesho litanidai. Leo niliandika: "Leo: kumaliza ruwaza ya suruali, saizi zote 7." Sikuimaliza, na kilichonizuia ndicho kilichonifanya niandike habari za siku hii.

Kazi yangu ni kuuza ruwaza za kukatia nguo mtandaoni. Mteja hununua faili la PDF, hulipakua, huchapisha kurasa zake kwa printa ya kawaida, huziunganisha kwa gundi akifuata alama za pembeni, kisha hupata karatasi moja pana ya kukatia kitambaa. Nilishona kwa miaka mingi kabla ya kuuza ruwaza yangu ya kwanza, na nilidhani ufundi ndio sehemu ngumu. Kumbe fundi aliye na mteja mbele yake huona mkono ukikosea na kuurekebisha papo hapo, ilhali anayeuza faili hayupo wakati mkasi unapoingia kitambaani. Kila asichokieleza mapema, mteja atakigundua peke yake, pengine kwa hasara.

Kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 3 huchora. Huu ndio muda wangu bora, wala siutumii kwa barua pepe wala hesabu. Asubuhi hii nilikuwa kwenye mstari uliopinda wa nyuma wa suruali, unaopita makalioni, mahali ambapo nusu sentimita huamua kama mvaaji ataweza kukaa bila kubanwa. Niliufuta na kuuchora mara 3, na mara ya tatu ulikaa nilivyotaka.

Saa 3 nilifungua ujumbe wa wateja. Wa pili ulikuwa mfupi: "Habari za asubuhi, fundi. Nimekata gauni kwa vipimo vyangu vilevile na halinipandi kifuani. Mita 3 za kitambaa zimepotea."

Moyo ulinienda mbio. Jibu lililonijia kwanza lilikuwa kwamba maelekezo yapo ukurasa wa 2, tena kwa herufi nzito: chapisha kwa asilimia 100. Nililiandika lote, kisha nikaacha kulituma. Mwaka jana ningelituma, na ningekuwa na haki kwa maneno huku nikimpoteza mtu aliyeniamini kwa fedha yake na kitambaa chake. Niliinuka, nikanywa maji, nikarudi na kuandika upya: "Pole sana, dada. Kwenye ukurasa wa 5 kuna mraba wa kupimia. Naomba uupime kwa rula na unitumie picha."

Picha ilifika baada ya nusu saa. Mraba uliopaswa kuwa sentimita 10 ulisomeka 9.4.

Hapo nilielewa, kwa sababu tarakimu hiyo ina maana yake. Ruwaza zangu zote nilizipanga kwenye karatasi ya A4, yenye milimita 210 kwa 297. Marekani na Kanada watu hutumia karatasi ya Letter, ambayo ni pana kidogo lakini fupi, takriban milimita 216 kwa 279. Printa ikipewa ukurasa wa A4 na karatasi ya Letter, mara nyingi huupunguza ukurasa wenyewe ili uenee, na 279 ukigawanya kwa 297 unapata asilimia 94. Gauni la mzunguko wa sentimita 100 kifuani likawa la 94. Hakuna mshono unaoweza kuficha sentimita 6. Nilipomuuliza, alisema karatasi anayotumia ni hiyo Letter. Hakuwahi kuiona A4, kama mimi nisivyowahi kuigusa ya kwake.

Nilimrudishia fedha yake yote, nikamwahidi faili jipya kabla ya usiku, na ruwaza ya suruali nikaiweka kando.

Marekebisho yalinichukua kuanzia saa 4 na nusu hadi saa 9 alasiri, nikipumzika kidogo tu katikati. Dawa yake ni kuchora ndani ya eneo linaloenea kwenye karatasi zote mbili: upana unaoamuliwa na A4, urefu unaoamuliwa na Letter. Nilichagua milimita 190 kwa 254, ambazo huacha pambizo ya kutosha kwa printa yoyote ya nyumbani. Kurasa za gauni ziliongezeka kutoka 24 hadi 28, na kila alama ya kuunganishia ilibidi iwekwe upya kwa mkono. Mraba wa kupimia niliuhamishia ukurasa wa 1, na juu yake nikaandika sentensi moja tu: "Chapisha ukurasa huu peke yake kwanza; mraba usipofika sentimita 10 kamili, usiendelee." Nilipoiangalia sentensi hiyo niliona haya kidogo. Maelezo niliyoyasifia asubuhi yalikuwa marefu, sahihi, na yamekaa mahali ambapo mtu mwenye hamu ya kuanza kushona hafiki.

Naamini kukua kwangu kwa mwaka huu kumekuwa hapo hasa. Nilipoanza nilifikiri kujiendeleza ni kujifunza mambo mapya kila wiki: matangazo, picha, namna ya kuandika vichwa vya habari. Yote yana faida yake. Lakini kilichobadilisha biashara ni kuweza kusikia lalamiko bila kutafuta kwanza kosa la anayelalamika, na uwezo huo haukunijia kwa kozi yoyote; umenijia polepole, kwa barua kama hii ya leo.

Saa 10 niliangalia hesabu, jambo ninalofanya mara moja tu kwa siku. Jana watu 214 walitazama ukurasa wa gauni na 3 wakanunua. Zamani ningewawaza hao 211 walioondoka. Leo niliwawaza wale waliokwisha kununua faili la zamani, kwa sababu huenda yuko mwingine aliyekata kitambaa, akashindwa, akanyamaza. Niliwaandikia wote barua moja: kosa ni lipi, linatokeaje, na faili jipya wanaweza kulipakua bila malipo. Mkono ulisita kabla ya kubonyeza kutuma, maana ni vigumu kuwatangazia watu kosa ambalo wengi wao hawakuliona. Niliituma.

Saa 12 jioni nilinakili mafaili mapya kwenye diski ya nje, kisha nikafunga kompyuta. Jioni ni ya watu wa nyumbani.

Saa 2 na nusu usiku nilichungulia simu mara ya mwisho, kinyume na kanuni yangu, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi. Wateja 4 walikuwa wamejibu ile barua. Mmoja aliandika kwamba gauni lake lilimbana mwezi uliopita, naye akadhani amenenepa. Yule dada wa asubuhi hakuandika neno. Alituma picha ya ukurasa wa 1 ukiwa juu ya meza, rula imelazwa kwenye mraba, na ukingo wa mstari umegusa 10. Nilifungua daftari, nikakata neno "leo" lililokuwa mbele ya ruwaza ya suruali, na juu yake nikaandika "kesho".