Danieli Hakuigusa Meza ya Mfalme

Sabato njema, wapendwa.

Somo la wiki hii ni Danieli 1:8–16. Wengi tunalijua tangu darasa la watoto: vijana wanne waliokataa chakula walichoamriwa na mfalme, siku kumi za mboga na maji, nyuso zilizonawiri kuliko za wenzao. Huwa tunalisoma kwa kukimbilia mwisho, maana mwisho wake unatupendeza sisi Waadventista Wasabato tunaokula mboga. Leo naomba tukae kidogo na mtu ambaye mahubiri mengi humruka, yule msimamizi aliyekuwa akiwapelekea chakula.

Huyu hakuwa na neno katika amri ya mfalme wala katika azimio la Danieli. Kazi yake ilikuwa kupakua. Na mkubwa wake, mkuu wa matowashi, alikuwa ameshasema wazi kwamba vijana hawa wakionekana wamekonda, kichwa kitakachodaiwa ni chake. Angalieni basi Danieli anavyokwenda. Kuazimu aliazimu moyoni, hilo lilikuwa lake. Alipofika kwa wenye sufuria, aliomba. Akasema tujaribu, akasema nakusihi, akaweka muda mfupi ambao hata mtu mwenye hofu anaweza kuuvumilia, kisha akamwachia msimamizi aamue kwa macho yake. Tena aliomba kwa ajili ya watu wanne tu. Vijana wengine waliendelea na chakula cha mfalme na divai yao, na hatusomi popote kwamba Danieli aliwasema.

Sasa tuje kwetu Dar es Salaam. Makambi, ile mikutano yetu mikubwa ya mahubiri, yamekwisha, mnenaji wa afya amefundisha vizuri, baba amerudi nyumbani moyo unawaka. Anakaa sebuleni anatangaza: humu ndani, kuanzia leo, nyama basi. Amina. Kesho yake alfajiri yuko kituoni anasubiri mwendokasi, na nyumbani amebaki mama na watoto, shemeji anayesoma chuo, dada wa kazi, na hela ya matumizi ile ile. Nani atakumbuka kuloweka maharage usiku? Nani atasimama na sufuria huku akiombea gesi isikate? Na jioni, mtoto akifunua hotpoti na kuuliza, "Mama, mboga iko wapi?" wakati mboga iko mbele yake, nani atajibu?

Ni kama Hesabu 11. Aliyepanga chakula cha jangwani ni Mungu mwenyewe, lakini watu walipolia nyama, kilio kilimwendea Musa, mpaka akauliza atoe wapi nyama ya kuwalisha watu wote wale, akaomba bora afe. Wapo akina Musa wengi jikoni Mbagala, Tabata na Kimara, na azimio wanalolibeba hawakuliazimu wao.

Ndiyo maana nasema aliyeazimu abebe mzigo wa azimio lake. Kama ni baba, basi Ijumaa ya maandalio awahi kurudi, apitie gengeni achukue mafungu ya tembele na bamia, achambue. Kuchambua mchicha hakujamvunjia mwanamume heshima hata siku moja. Kama ni kijana wa chuo aliyeongoka, asimletee mama yake kanuni mpya za jiko na mikono mitupu.

Tuwe wakweli pia kuhusu maharage. Wanaume wengi wa umri wetu wanayakataa kwa sababu waliyala shule ya bweni miaka sita, kidato cha kwanza hadi cha sita, yakielea kwenye maji ya chumvi na wadudu wawili watatu juu. Ukimpakulia mtu huyo maharage ya namna ile ukamwambia ni ujumbe wa afya, umemrudisha bwenini. Mpikie mbaazi. Ziloweke usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha mpaka zibonyee kwa vidole. Kaanga kitunguu na nyanya vikolee, mimina tui la pili, ziache zichemke taratibu, halafu tui zito liingie mwishoni huku unakoroga lisikatike. Weka mezani na chapati, usiseme kitu. Nimeona mla nyama hodari akiomba kuongezwa bila kutoa ushuhuda wowote. Na kisamvu cha karanga kilichotwangwa kikalainika hakihitaji mhubiri. (Wapare watanikumbusha kwamba ujumbe wetu ulipofika kwao mwaka 1903 ulikuta makande tayari jikoni. Nimekubali.)

Tusisahau pia historia yetu wenyewe. Dada Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa letu, alipewa nuru ile kubwa ya afya Juni 1863, kule Otsego, Michigan. Nyama ilitoka mezani kwake moja kwa moja baada ya makambi ya Brighton, Australia, Januari 1894. Zaidi ya miaka thelathini! Katikati hapo, akiwa safarini au chakula kingine kilipokosekana, nyama ililiwa. Na mwaka 1909, akiwa mzee, alionya kwamba kula nyama kusifanywe kipimo cha ushirika. Sasa ndugu yangu aliyeacha mwezi wa sita anamhojije mwenzake kwenye kikundi cha Shule ya Sabato kuhusu supu aliyoonekana akinywa asubuhi?

Yupo Paulo naye, Warumi 14. Pale anataja wawili, mmoja anakula vyote, na mwingine "aliye dhaifu hula mboga". Hicho ni kipande ambacho sisi wa mboga huwa tunakipita haraka haraka tufike mbele. Kinachofuata kinawagawia wote kazi: anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Mla nyama ana kishawishi chake cha kucheka, "mwenzetu siku hizi anakula majani kama sungura". Wa mboga ana cha kwake, kukunja pua samaki anapokaangwa, kana kwamba si Bwana Yesu mwenyewe aliyewawekea wanafunzi samaki juu ya makaa kule ziwani.

Jambo gumu zaidi katika mji huu, kwa maoni yangu, ni ugeni. Nyama kwetu ni heshima. Mama mkwe akitoka kijijini akapewa wali na choroko siku ya kwanza, simu atakayopiga usiku ni moja tu: hali ya huku si nzuri, mwanangu amefulia. Au anakuja na jogoo wake kutoka nyumbani, amemshika miguu tangu stendi ya Magufuli, na kwa mila za kwao firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Baba hali nyama. Afanyeje? Najua wanaosema asimame imara, akatae. Mimi nasema apokee sahani kwa mikono miwili, ashukuru, amwambie mama kwamba firigisi ya leo anampa mjukuu mkubwa kwa niaba yake, na ampe palepale mbele yake. Heshima imefika, na yeye hajala. Abrahamu aliwachinjia wageni wake ndama laini, akasimama karibu nao chini ya mti walipokuwa wakila. Kusimama karibu kunawezekana hata kwa asiyekula.

Neno moja la afya, maana imani haizuii upungufu wa damu. Anayeacha nyama lakini anatumia mayai na maziwa ana nafuu. Anayeacha vyote vya wanyama ajue kwamba vitamini B12 haipatikani kwenye mchicha wala maharage, aitafute kwenye vyakula vilivyoongezewa au vidonge. Madini ya chuma yaliyo kwenye majani na maharage mwili huyapokea vizuri zaidi ukikamulia ndimu au ukila chungwa, na chai ya rangi juu ya chakula huyazuia. Mama mjamzito asibadilishe sahani kwa sababu ya tangazo la sebuleni, aongee kwanza na wa kliniki.

Dada mmoja aliniuliza wiki iliyopita kuhusu mume wake. Mume si wa imani yetu, ni mtu wa Tarime, na kwake chakula bila nyama ni kifungua kinywa. Dada ameacha nyama mwaka huu. Aliuliza kama aendelee kumpikia au amwache ajitafutie kwa mama ntilie. Nilimjibu apike, na apike vizuri kuliko zamani, asije mtu akasema wokovu umeharibu mchuzi. Akaniambia tatizo lake ni dogo tu: sasa haonji, kwa hiyo chumvi inamponyoka. Nikamwambia amwite mwenye nyama yake aonje.

Ameanza kuja. Anaingia jikoni akitoka kazini, anachovya kijiko, anasema bado kidogo. Na kwa kuwa ameshafika, anakabidhiwa mbuzi na kifuu cha nazi, akune ya mbaazi za mkewe.