Kofia ya viua ya marumaru

Kwetu Lamu wazee wakisema "kibla" huenda wana maana ya kaskazini tu, kwani huko ndiko iliko Maka. Istanbul mambo yamegeuka: unaelekea kusini-mashariki, upande wa bahari. Nililijua hilo kabla ya safari, lakini mwili haukulijua mpaka niliposimama kusali katika msikiti wa Küçük Ayasofya, yaani Ayasofya Ndogo.

Nilikuwa na siku moja tu mjini, nikipitia kwenda kwa dada yangu Ujerumani. Ayasofya kubwa niliipita, nikateremka vichochoro hadi karibu na reli na ukuta wa kale wa bahari. Kaizari Justinian alianza kulijenga jengo hili mnamo 527, kabla ya ile kubwa, likiwa kanisa la watakatifu Sergius na Bacchus. Karibu miaka elfu baadaye, zama za Sultan Bayezid II, Hüseyin Ağa, ofisa wa kasri la sultani, aliligeuza kuwa msikiti. Kaburi lake liko bustanini. Nikamsomea Fatiha, kisha nikaingia.

Marehemu baba alikuwa fundi wa kuchonga milango, kwa hiyo kuba sikuitazama kwanza. Nilitazama vichwa vya nguzo. Wallahi, jamani! Marumaru imetobolewatobolewa mpaka majani yamesimama mbele ya giza, jiwe limekuwa kama kofia ya viua. Nilizunguka nguzo hata shingo ikauma. Baba alikuwa akisema nakshi nzuri ni ile inayokufanya usahau ugumu wa mti. Hapa nilisahau kuwa ni jiwe.

Juu ya nguzo, ukumbi wote umezungukwa na maandishi ya Kigiriki yaliyochongwa kwa herufi kubwa. Kigiriki sikijui, tafsiri nilikwisha kuisoma: yanamtukuza Sergius, yanamtaja Justinian na mkewe Theodora. Bacchus hatajwi kabisa, na hilo lilinisikitisha kidogo kwa ajili yake. Kuta zimepakwa chokaa na kutiwa maua, lakini herufi zile hazikukwanguliwa. Watu wamesujudu chini yake miaka mia tano.

Na jengo limepinda. Nguzo zimepangwa pembe nane, ila hazikukaa sawa na kuta za nje, na mihrabu nayo imegeuzwa kidogo kuifuata Maka, kwani kanisa lilitazama mashariki yake. Baba angetoa kamba apime, kisha angenyamaza muda mrefu.

Nikafunga leso vizuri, nikasali adhuhuri rakaa mbili, sala ya msafiri, mgongo wangu ukiwa upande wa kwetu wa kibla. Sijawahi kusali nikiwa makini vile.

Nje, kwenye ua wa madrasa ya zamani, niliagiza chai, nikamtumia kaka picha za nguzo. Yeye ndiye mwenye karakana sasa. Hakuuliza habari za safari. Aliandika: "Tundu lile la ndani kabisa, wametia keekee gani?"