Hizo nitabangua mwenyewe

Leo Alhamisi na bado namsikia mama mkubwa. "Acha tu mwanangu, hizo nitabangua mwenyewe." Hakukasirika, hata hakuniangalia, alivuta tu ungo wangu upande wake akaendelea, ko, ko, ko, mi nikabaki nimeshika jiwe.

Si mnajua kila wakishakamua mawese huwa naenda kijijini Simbo kumsaidia. Jumamosi nilikuta kokwa za michikichi zimekaa juani zaidi ya wiki mbili, zimekauka haswa, ukitikisa sikioni unasikia kiini kinacheza ndani, na ndo inavyotakiwa, maana ikiwa bado mbichi mise, yaani hicho kiini, inang'ang'ania ganda inatoka vipande vipande. Mawese yenyewe yalishauzwa. Mise ndo zake. Toka nakua hela ya mawese ilikuwa ya babu, mise za kina mama, na ada yangu ya kidato cha pili ilitoka kwenye mise, kwa hiyo mimi sio mtu wa kuzichukulia poa.

Sasa pale kwenye turubai zilikuwa zimechanganyika. Michikichi ya babu ni dura, ile ya zamani, ganda nene hatari, usipotia nguvu haifunguki. Halafu kuna zile tenera 12, aina ya kisasa, tulizopanda 2020, mbegu za kituo cha utafiti cha Kihinga, ganda lake jembamba. Nikakaa, nikaweka kokwa juu ya jiwe kubwa, nikapiga kwa mkono uleule wa utotoni, na kila ikija ya tenera inapondeka, mise inabaki kama karanga iliyokanyagwa. Mi sikuona. Yeye aliona. Mise iliyopasuka haikai, inawahi kuchacha, na mama wa sabuni anayenunua huwa anazitoa moja moja kabla ya kupima.

Kinachoniuma ni kwamba hili nalijua. Kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha nne naandika ubaoni, dura kwa pisifera unapata tenera, naeleza jeni ya ganda, kwamba ukiotesha mbegu ya tenera zenyewe kwa zenyewe watoto wanagawanyika, robo wanarudi dura, robo wanakuwa pisifera isiyo na ganda, ndo maana mkulima inabidi arudi Kihinga kuchukua mbegu upya. Naeleza na wanaelewa. Halafu jiwe likiwa mkononi mwangu nikawa nazipiga zote sawa.

Nimeirudia ile sentensi kwenye daladala, nimeirudia naoga, nimeirudia kwenye kikao cha Jumatatu ambapo mkuu mpya alijitambulisha na mimi nikapewa taaluma, nikaitikia tu. "Hizo." Alisema hizo, hakusema zote. Alimaanisha zile za tenera, au alimaanisha nikae pembeni kabisa kama mgeni aliyekuja na mkate?

Basi jana jioni kijana wa boda kaleta kiroba. Ndani kokwa kama kilo tatu hivi, nimezipekua kutafuta dura sijapata hata moja, zote tenera. Na chini kabisa kuna jiwe. Sio lile nililokuwa natumia mimi, ni lake, lile dogo la mviringo lenye kishimo upande mmoja kwa kugonga kokwa miaka yote hiyo. Ujumbe hakuna, na nilivyopiga kushukuru akaongelea mvua na kuku wake.

Nimebangua mpaka saa nne usiku. Jiwe silinyanyui juu, naliachia tu lidondoke kwa uzito wake, kale kashimo kanaidaka kokwa isiruke, ganda linapasuka kwa mlio mdogo mkavu na mise inatoka nzima, ya kahawia iliyokolea, ina vimistari kama mishipa ya jani. Bakuli zima zilizovunjika saba. Saba tu! Nimemwamsha binti yangu aje kuona, akatafuna moja akarudi kulala.

Zilizobaki nilisema nimalizie leo ila mkono hauendi. Mdogo wangu hajapiga simu toka Jumanne. Giza la mwezi limeanza, yeye na wenzake wameingia ziwani kufuata dagaa, na toka saa mbili upepo unapiga mabati huku Mwanga, Kigoma mjini. Nimempigia mara sita, hapatikani.