Grand Marais kwa wanaotoka Minneapolis: ziwa ndilo linalopanga safari

Waliokulia Kisumu, Musoma au Bukoba wakifika ufukweni mwa Ziwa Superior hudhani wanalifahamu. Ng'ambo haionekani, shakwe wanazunguka, mawimbi yanapiga mawe. Kwa upana wa uso wake, ziwa hili ni la kwanza duniani kati ya maziwa ya maji baridi, na Victoria ni la pili. Lakini Victoria penye kina kirefu zaidi lina mita 80 hivi. Superior lina mita 406, na wastani wa joto la maji yake ni nyuzi 4 tu za Selsiasi. Hapa "maji baridi" ni jina na ni onyo. Ukipanga siku tatu za mapumziko Grand Marais, anza na nyuzi hizo nne: ndizo zinazoamua nguo za kubeba, mahali pa watoto kuogelea na hata mwezi wa kwenda.

Grand Marais ni mji wa watu 1,300 hivi, makao makuu ya Cook County, kwenye pembe ya kaskazini-mashariki kabisa ya Minnesota. Una bandari ndogo ya asili, mnara wa taa mwishoni mwa ukuta wa kuzuia mawimbi, na ulimi wa mwamba uitwao Artist's Point unaoingia ziwani. Nyuma yake kuna vilima vya Sawtooth na msitu usiokwisha hadi Kanada. Kwa familia ya Minneapolis, Brooklyn Park au St. Cloud, hii ni safari ya gari bila tiketi ya ndege, na mandhari yake sidhani kama yana mfano katika majimbo ya jirani.

Kutoka Minneapolis hadi Duluth kwa barabara ya I-35 ni maili 155 hivi. Kutoka Duluth unashika Highway 61 ufukweni mwa ziwa kwa maili 110. Kwa jumla ni kilomita 425 hivi, saa nne na nusu hadi tano bila kusimama. Ijumaa kuanzia saa 8 mchana I-35 ya kaskazini hujaa watu wanaokimbilia nyumba zao za ziwani, kwa hiyo ondoka alfajiri au lala Duluth Alhamisi. Highway 61 sehemu kubwa ni njia moja kwenda na moja kurudi, na kiangazi ndicho msimu wa matengenezo ya barabara.

Kwenye Highway 61 watu huelekezana kwa maili. Kando ya barabara kuna vibao vidogo vya kijani vyenye namba zinazopanda kadiri unavyoiacha Duluth, na mtu akikwambia "ipo 58" anamaanisha kibao hicho. Andika namba hizi kwenye karatasi, maana mtandao wa simu hukatika njiani. Maporomoko ya Gooseberry yapo maili 39. Mnara wa taa wa Split Rock upo 46. Ulikamilika 1910 baada ya dhoruba ya Novemba 1905 kuharibu meli nyingi ziwani, ukazimwa 1969. Tettegouche ipo 58, Temperance River 80, Cascade River 101, Grand Marais 110, Judge C.R. Magney 124, na Grand Portage 150, mlangoni mwa Kanada.

Karibu zote hizo ni hifadhi za jimbo. Kibali cha gari kipo cha siku na cha mwaka, na cha siku moja kinafaa katika hifadhi zaidi ya moja siku hiyo hiyo. Ukikusudia kurudi msimu wa majani, nunua cha mwaka tangu mwanzo. Gooseberry ukiegesha kwenye kituo cha wageni hulipi, vyoo ni vizuri, na njia ya kufika kwenye maporomoko ya kati imesakafiwa. Bibi mwenye magoti mabovu na mtoto wa kigari wote wanafika. Kama una watu wa aina hiyo, simama hapo kwa muda mrefu na usiwaburute hadi Tettegouche, ambako njia ina mizizi, mawe na ngazi.

Ukichagua matembezi mamoja tu, chagua Judge C.R. Magney. Mto Brule hufika kwenye mwamba ukagawanyika mara mbili: nusu moja inaporomoka kama mto wowote, nusu nyingine inaingia kwenye shimo na kutoweka. Kwa miaka mingi watu walisimulia kwamba walitupa vijiti humo na havikuonekana tena. Mwaka 2017 idara ya maliasili ya jimbo ilitangaza matokeo ya vipimo vyake: juu ya shimo mto ulikuwa na futi za ujazo 123 kwa sekunde, chini ya maporomoko 121. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko kosa la kawaida la kipimo, kwa hiyo maji hurudi mtoni chini kwa chini. Kwenda ni zaidi ya maili moja kidogo na kurudi vivyo hivyo, lakini karibu na shimo unashuka ngazi zipatazo 200, na wakati wa kurudi utazipanda zote. Beba lita moja ya maji kwa kila mtu. Usivuke uzio, mwamba pale huwa umelowa.

Sasa suala la makaratasi, ambalo vitabu vya utalii haviligusi kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu wahamiaji. Grand Marais iko karibu na mpaka na ina kituo cha askari wa doria ya mpakani. Sheria ya shirikisho inamtaka kila asiye raia mwenye umri wa miaka 18 na zaidi awe na hati yake ya usajili mwilini: mwenye green card abebe kadi yenyewe. Hifadhi ya Grand Portage, yenye maporomoko ya mita 37 kwenye Mto Pigeon, mlango wake uko upande wa kushoto muda mfupi kabla ya forodha. Ukiupitiliza utajikuta kwenye daraja la Kanada. Kwa mwenye kesi ya hifadhi ya ukimbizi isiyoamuliwa, au mwenye viza ya kuingia mara moja, kosa hilo linaweza kuvuruga kesi nzima. Kama hali yako ni hiyo, ishia Magney, au kwanza zungumza na mwanasheria wako. Zima pia data ya kuzurura (roaming) kwenye simu, kwani huko simu hudaka minara ya Kanada, na saa yake inaweza kuruka mbele kwa saa moja kwa kuwa mji wa Thunder Bay, Kanada, unafuata saa za mashariki.

Turudi kwenye maji. Agosti, siku ya utulivu, maji ya juu yaliyo karibu na ufuko yanaweza kufika nyuzi 15 au zaidi. Upepo ukigeuka ukavuma kutoka nchi kavu, husukuma maji yale ya vuguvugu kwenda katikati, na maji ya vilindini hupanda kushika nafasi yake. Kwa hiyo waliooga jana salama leo wanaingia kwenye maji ya nyuzi 7. Waokoaji hufundisha hesabu ya moja, kumi, moja. Dakika ya kwanza mtu anahema bila kujizuia, na kichwa kikiwa chini ya maji anayavuta ndani. Dakika kumi zinazofuata vidole na mikono hupoteza nguvu, hata kama ni mwogeleaji hodari wa Tanga au Lamu. Baada ya saa moja hivi ndipo baridi yenyewe humzimisha. Wengi hawafiki saa hiyo, kwa sababu hawakuvaa jaketi la kujiokolea. Watoto waogelee maziwa ya ndani, kama Devil Track juu ya mji, ambayo Julai huwa na joto la kuridhisha. Na kwenye Artist's Point, mwamba ukiwa umelowa mbali na ukingo, maana yake mawimbi yanafika hapo: rudi nyuma.

Mtumbwi wa kukodi nao una darasa lake. Si ngalawa, hauna matengo ya kuuzuia usipinduke. Panda ukiwa umeinama, kanyaga katikati, piga magoti upepo ukianza, na kaa karibu na ukingo. Sheria ya Minnesota inataka jaketi moja linalomtosha kila aliyemo, na mtoto wa chini ya miaka 10 alivae muda wote. Maji mazuri ya mtumbwi yapo kando ya Gunflint Trail, barabara ya lami ya maili 57 inayoanzia mjini na kuishia msituni karibu na Ziwa Saganaga. Jaza tangi mjini kabla ya kuianza. Ukiingia Boundary Waters, eneo la pori na maziwa lililohifadhiwa, kwa siku moja, unajaza mwenyewe fomu ya bure langoni. Ukilala humo kati ya Mei 1 na Septemba 30 unahitaji kibali cha kulipia chenye idadi maalumu kwa kila lango. Kundi lisizidi watu 9 na mitumbwi 4. Makopo na chupa za kioo za vinywaji na vyakula haviruhusiwi, kwa hiyo maharage ya kopo yaache, beba makavu.

Miezi haifanani. Mwishoni mwa Mei hadi Juni ni msimu wa usubi, wale wale wa jamii inayosumbua watu wa Mahenge, Tanzania, maana nao huzaliwa kwenye mito ya kasi. Wa huku hawaambukizi upofu, lakini hung'ata nyuma ya masikio hadi damu itoke. Baada yao mbu. Dawa ya kupaka yenye DEET asilimia 25 hadi 30 inasaidia, na suruali ichomekwe ndani ya soksi kwa ajili ya kupe, ambao huku hueneza ugonjwa wa Lyme. Juni jua linazama saa 3 usiku, hivyo wanaosali wapange usingizi wa watoto kwa hesabu hiyo. Kwangu msimu bora ni wiki ya mwisho ya Septemba: wadudu wamekwisha, miti ya maple ya vilimani imekuwa myekundu, na baada ya wiki moja mibetula (birch) ya ufukweni inafuata kwa rangi ya dhahabu.

Nguo: hata Julai, mji unaweza kuwa na nyuzi 12 na ukungu wakati kilomita kumi juu ya kilima kuna 25. Vaa fulana isiyo ya pamba, sweta ya sufu, halafu koti la kuzuia upepo na mvua. Pamba ikilowa haikauki na hunyonya joto la mwili. Khanga na kitenge viwe vya kambini.

Malazi yanakwisha mapema. Kambi za hifadhi za jimbo hufunguliwa kuwekewa nafasi siku 120 kabla, na za wikendi za Septemba huisha upesi. Mji wenyewe una kambi yake pembeni mwa bandari, na kutoka hapo unatembea hadi madukani. Unga wa ugali, mchele mnaoupenda, viungo na nyama halali nunueni Minneapolis. Kuni ziacheni, mnunue huko huko, kwani kuni za mbali husafirisha mbawakawa wanaoua miti. Moto wa Ham Lake wa Mei 2007 ulitokana na moto wa kambi ukateketeza zaidi ya hekta 30,000, kwa hiyo tangazo la kuzuia moto likitolewa, nyama choma inahamia kwenye jiko la gesi. Mkimaliza kula, mifupa, mafuta na sufuria chafu viingie ndani ya gari, vioo vifungwe. Dubu weusi wapo.

Jioni usiendeshe kwa kasi. Muusi, kulungu mkubwa kuliko wote, ana miguu mirefu. Gari dogo humkata miguu na mwili wake wa mamia ya kilo huangukia kioo cha mbele. Manyoya yake meusi hayaonekani kwa taa. Jumapili ondokeni kabla ya saa 4 asubuhi, mnunue samaki wa moshi njiani, mfike Duluth kabla ya msururu wa I-35 kuanza kushuka kusini.