Ile video sitaifuta

Wiki hii nimetukanwa kuliko wakati wowote tangu nianze kuchambua filamu mtandaoni. Nilinyamaza makusudi ili watu wapoe, na mimi nipoe. Leo naandika kwa sababu haya siwezi kuyasema vizuri nikiwa mbele ya kamera.

Wanaonifuatilia wanajua kilichotokea. Niliichambua filamu mpya ya mwigizaji anayependwa na nusu ya Dar, mimi nikiwa mmojawapo, nikasema haijafika. Usiku haujaingia vizuri, timu yake ilikuwa imeshajaa kwenye maoni. Nina wivu. Natafuta kiki. Nimelipwa na mahasimu wake. Na lile linalorudiwa kuliko yote: wewe umetoa filamu gani?

Katika matusi yote hayo sijaona aliyeigusa hoja yenyewe, kwa hiyo niirudie. Kuna onyesho ambalo mama anapewa taarifa kwamba mwanawe amefariki. Amekaa kwenye mkeka na ungo wa mchele mapajani. Yule mwigizaji mkongwe, ambaye simtaji ili naye asiburuzwe humu, anafanya kitu ambacho sijakiona siku nyingi kwenye Bongo Movie: halii. Anaendelea kuchambua mchele, vidole vinatafuta chuya ambazo zimeshakwisha. Halafu anafungua kinywa kusema, na hapohapo kinaingia kinanda kwa sauti ya kupasua masikio. Maneno yake hatuyasikii hata moja. Kamera ikihamia upande wa pili, khanga iliyokuwa begani iko kichwani; ikirudi, iko begani tena. Onyesho bora la filamu nzima limeharibiwa na haraka. Nililizungumzia kwa uchungu, sauti ikanipanda, na hicho ndicho kipande kilichokatwa na kusambazwa WhatsApp. Pale nilipomsifia yule mama paliachwa.

Wapo wanaoniambia kwa upole kwamba tuvipende vya kwetu. Nawaelewa. Lakini mimi nimekulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video mtaani, nikitazama filamu za nje kwa sauti ya Lufufu, aliyekuwa akizisimulia kwa Kiswahili, kisha zikaja zetu wenyewe, hadithi moja imekatwa sehemu ya kwanza na ya pili, na zote tukanunua. Aprili 2012, mwigizaji Steven Kanumba alipofariki, watu walifurika viwanja vya Leaders Club kumuaga kama wanaomzika ndugu wa damu. Watazamaji wenye mapenzi ya namna ile wanauziwaje filamu isiyosikika? Mtu amejibana akanunua bando, amekaa na wanawe kutazama, halafu mimi nimwambie ni nzuri kwa kuwa imetengenezwa Kinondoni? Huko ni kumdharau.

Kilichoniuma ni cha dada yangu. Anauza vitenge mtandaoni, na watu walimpata kwa jina la ukoo wetu. Wakajaza matusi chini ya picha za biashara yake, mpaka mteja aliyekuwa ameagiza sare za harusi akaahirisha. Nikamshauri afunge akaunti kwa muda. Akanijibu, "Kaka, wewe sema au nyamaza, hilo ni lako. Ila duka langu sifungi." Nimelibeba neno hilo wiki nzima.

Halafu likaja dai la hakimiliki, eti nimeiba kazi ya watu kwa kuonyesha sekunde chache za onyesho hilo huku nikilizungumzia. Wachambuzi wachanga mnaonisoma, hili lisiwapite: YouTube ikikupa maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufutwa yote, na kazi yako ya miaka inaondoka nayo. Msikae kimya kwa hofu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaruhusu kunukuu kazi ya mwingine kwa kiasi cha haki, ukitaja chanzo. Nimewasilisha pingamizi, nasubiri.

Katikati ya fujo hiyo nikapokea ujumbe wa kijana mmoja aliyekuwepo wakati wa kurekodi. Aliandika: "Kaka, mimi ndiye niliyeshika maiki siku ile. Sauti ya mama ninayo, safi kabisa. Waliongeza muziki baadaye, wakasema bila muziki watu hawatalia." Niliusoma nikainuka kwenye kiti. Kumbe maneno yapo! Mama wa watu aliyasema, maiki ikayanasa, na mtu mwingine kwenye meza ya uhariri akaamua kwamba mtazamaji wa Kitanzania hawezi kuguswa mpaka apigiwe kinanda. Hasira yangu yote sasa iko hapo.

Filamu sijatoa, na sina mpango wa kutoa. Kazi yangu ni kutazama kwa makini na kusema nilichokiona, na video inabaki palepale ilipo. Maoni ya kunipinga nayaacha, hata makali. Yanayomgusa dada yangu nayafuta bila kumuuliza mtu.

Ijumaa nachambua kazi za zamani za yule mama, kuanzia michezo yake ya televisheni. Hapo nitamtaja kwa jina na kwa heshima zote. Zipo kanda zake ambazo nimezitafuta Kariakoo nikazikosa; mwenye nazo nyumbani aniandikie, nitalipia kuzinakili.