Nusu kichwa, Kondele
Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi wangu hapa Kondele, Kisumu, upande mmoja umenyolewa, mwingine bado, alipozima mashine ili abishane vizuri.

"Yaani Afrika Kusini raia hawampigii rais kura?"

Hawampigii. Wanapigia vyama, kisha wabunge 400 wanamchagua rais miongoni mwao. Mzee aliyekuwa akingoja kwenye benchi akadakia kwamba afadhali hivyo, angalau foleni ya alfajiri haina presha.

Marekani ndiyo iliyomchanganya kabisa. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimpita Donald Trump kwa karibu kura milioni 3, na bado akashindwa, kwa sababu kinachoamua ni kura za wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais: anahitaji 270 kati ya 538.

"Huo ni wizi!"

Si wizi, ni katiba yao. Ingawa kusema kweli, mimi pia ningeumia.

Kwetu Kenya mshindi anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na robo ya kura katika angalau kaunti 24 kati ya 47. Sharti hilo la kaunti nalipenda: linamlazimisha mgombea afike hata asikopendwa. Tanzania, ng'ambo ya ziwa, anayeongoza tu anatosha.

"Na Ujerumani je?"

Nikamwomba kwanza amalize kichwa.